Uzi maalumu kwa walimu wa awali na darasa la kwanza: kunakili ubaoni siyo kusoma

MwalimuChaki
Wakuu, salaam.

Kila shule zikifungua Januari, inboksi yangu inajaa swali lile lile: "Mwalimu, nimepangiwa darasa la kwanza, sijawahi kufundisha wadogo, naanzia wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka yote hapa. Nitashusha vipande vipande maana natumia simu, na umeme wetu mnaujua.

Naongelea shule zetu za serikali. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25 awali na 45 msingi. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, tunaofundisha tunajua kinachoingia mlangoni: watoto mia darasa moja. Mwenye darasa la watoto 20 na mwalimu msaidizi ataokota kinachomfaa.

Hoja yangu ni moja. Ukiingia darasa la kwanza ukakuta watoto wameinama, kimya, wananakili kutoka ubaoni, usishangilie bado. Mwite mmoja akusomee alichoandika. Mtoto anaweza kunakili "Baba analima shamba" kwa mwandiko mzuri kuliko wa mkuu wa shule na asijue hata neno moja hapo. Yeye anachora tu. Mwalimu anaweka vema, mzazi anafurahi, na mtoto anafika darasa la nne hajui kusoma huku daftari lake la darasa la kwanza limejaa vema nyekundu tupu. Karibu yote nitakayoandika yanatoka hapo.

NgomaYaZiwa
Nimeweka kambi. Shusha nondo mwalimu.

MwalimuChaki
WIKI ZA MWANZO

Usikimbilie a, e, i, o, u siku ya kwanza. Kwanza wajue pa kukaa, pa kuweka madaftari, pa kujisaidia, na wafanye nini ukipiga makofi.

Choo ndicho namba moja. Wapeleke mwenyewe, waonyeshe tundu la wavulana na la wasichana, waonyeshe maji yalipo. Mtoto wa miaka sita akikuta tundu pana lenye giza anaogopa, hasemi, anajikojolea darasani, kesho hataki shule. Omba wazazi kaptura na sketi za zamani uweke kabatini za akiba. Likitokea, mtoe kimya kimya. Ukiacha wenzake wamcheke, huyo umempoteza kwa muda mrefu.

Halafu jina. Kwenye rejesta ni Emmanuel, nyumbani anaitwa Masanja. Unaita "Emmanuel" wiki nzima haitiki mtu, unamwandika mtoro, kumbe kakaa mstari wa pili anakutazama. Siku ya uandikishaji muulize mzazi jina la nyumbani, liandike kwa penseli pembeni. Kisha kata vipande vya boksi, andika jina la kila mmoja kwa herufi kubwa za kuonekana, toboa, tia uzi, avae shingoni. Wewe utawajua haraka, na wao wanapata neno la kwanza la kulitambua.

Nyimbo mnazo. Chagua wa kukaa, wa kusimama na wa kunyamaza, usibadilishe. Na usipige kelele juu ya kelele, hutashinda watoto mia. Shusha sauti, sogea karibu na wanaoongea, anza kumwambia kitu mtoto wa mbele kwa kunong'ona. Wengine watanyamaza ili wasikie wanachokosa.

Kukaa: wakubwa kwa umbo huwahi mbele, wadogo wanabaki nyuma hawaoni kitu. Zungusha mistari kila wiki. Herufi ya ubaoni iwe na urefu wa kiganja chako. Mtoto anayenakili kwa jirani kila mara badala ya kutazama ubao, mwalimu mwingi anamwita mvivu, lakini kabla ya hapo msogeze mbele uone. Anayechelewa kuitika, simama nyuma yake useme jina lake taratibu. Asipogeuka na ukarudia siku nyingine asigeuke, ongea na mzazi waende zahanati masikio yaangaliwe. Wengine ni nta tu.

BintiWaMalagarasi
Nakazia hapo kwenye choo. Kwetu wasichana wa darasa la kwanza walikuwa wanabana mpaka saa sita kwa sababu wakubwa wanawafukuza. Tukawapa wadogo muda wao, dakika kumi kabla ya mapumziko ya wote. Tatizo likapungua sana.

MwalimuChaki
Asante dada, hiyo ya kuwatanguliza ni nzuri na haina gharama.

SAUTI NA SILABI

Herufi ina jina na ina sauti. Ukimfundisha mtoto "em" au "me", siku ya kuunganisha na a atakuletea "ema" au "mea", kisha utasema kichwa chake kigumu. Mpe sauti yenyewe: midomo imefungwa, mmmm, ikifunguka aaa, mmmaaa, ma. Sauti za m, n, l, s, f zinavutika, mtoto anazisikia zikiingia kwenye irabu. K na t hazivutiki, zitamke fupi na uunganishe hapo hapo.

Kiswahili kimetubeba: irabu ni tano na hazigeuki. A ni a popote itakapokaa. Kwa hiyo usisubiri mtoto amalize herufi zote ndipo asome. Ukiwa na irabu tano na m, k, t, l tu, tayari ana "Kaka amelala", "Kuku amekula", "Mama amekata miti". Hizo ni sentensi zenye maana, na mtoto anayezisoma mwenyewe anatoka darasani amebadilika uso. Mpangilio wa herufi ni wako, ila usianze na zinazofanana. B na d wiki moja ni kujitafutia kesi. Na mtoto wa miaka sita kugeuza b ikawa d ni kawaida kabisa, haihitaji kikao cha wazazi.

Mtego wa kwanza ni ile m inayosimama peke yake: mti, mtoto, mlima. Watoto wengi wataandika "muti". Tumia makofi: m-ti makofi mawili, m-to-to matatu, m-li-ma matatu. Mwili unaelewa kabla ya daftari. Baada ya hapo ndipo waje mb, nd, nj, ny, ch, sh, kisha mw, kw, bw. Acha ng na ng' mwishoni, na uziweke pamoja ubaoni, ngoma huku na ng'ombe kule, wazitamke kwa zamu mpaka wacheke. Th, dh na gh hazina haraka hata kidogo.

NgomaYaZiwa
Mwalimu, hapo kwenye "muti" umenigusa. Mimi nipo Simiyu, watoto wanaingia na Kisukuma tupu. Siyo kwamba hawasikii, lugha ndiyo ngeni. Na l na r ndiyo usiseme, "kula" wanaandika "kura".

MwalimuChaki
NgomaYaZiwa, huyo anayeandika "kura" ameandika alichokisikia kinywani mwake, maana yake kazi ya sauti imeingia. Msahihishe, ila usiweke kwenye kundi moja na asiyejua herufi.

Lugha: sera inasema Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia awali na msingi, sawa. Lakini "kaa", "simama", "chukua daftari" mtoto asipoelewa utapoteza mwezi. Siku za mwanzo sema kwa Kiswahili, fanya kwa vitendo, na kama unaijua lugha yao rudia mara moja. Huijui? Watoto wa senta, wale ambao wazazi wao wana maduka, wanajua zote mbili. Mweke mmoja kila kundi. Na kabla hujamfundisha kusoma neno hakikisha analijua kwa masikio. Mtoto wa huko kusoma "pweza" ni kupiga kelele tu, hajawahi kumwona. Mpe "ng'ombe", "pamba", "dengu".

KijanaWaKalamu
Hahaha, na humu jukwaani kuna watu wazima wanaandika "nirikua sijui". Wangekupitia wewe tungepumzika.

MwalimuChaki
Tuwaache, tumewakuta hivyo hivyo. Tuendelee.

KUSIKILIZA MMOJA MMOJA

Hapa ndipo kiini cha uzi kilipo, msome taratibu.

Wakiimba pamoja "ba be bi bo bu" kwa sauti ya kupasua bati, wanaojua ni labda thelathini na waliobaki wanafuata upepo. Huwezi kujua nani yupo wapi mpaka akae mbele yako peke yake. Mtasema, watoto mia nitawasikiliza saa ngapi? Piga hesabu: kumi kwa siku, dakika moja au mbili kila mmoja. Baada ya siku kumi za masomo umewamaliza. Yaani kila wiki mbili kila mtoto amekusomea. Wengine wanapata nafasi hiyo mara moja kwa muhula, tena siku ya mtihani.

Chukua kaunta buku, andika majina yote, chora safu. Alama zangu ni rahisi: anajua sauti, anaunganisha silabi, anasoma neno, anasoma sentensi. Weka tarehe. Usiandike "mzito" wala "mvivu", haikusaidii kitu kesho.

Unawajuaje waliokariri? Wapo wanaosoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukutazama, kumbe wamemeza kwa masikio kutoka kwa kaka zao. Funika picha kwa kiganja. Wasome mstari kuanzia neno la mwisho kurudi mwanzo. Waandikie maneno yasiyokuwepo, "lemu", "tiko", "kamolu". Anayejua kusoma atayatamka huku akikushangaa. Aliyekariri atatazama dari.

Unapowasikiliza hao kumi, wengine wafanye nini? Hapo ndipo wengi wanakwama, wanarudi kwenye "nakilini". Gawa makundi. Kundi moja linasoma kadi za silabi wawili wawili. Jingine lipo nje chini ya mti linaandika kwa kijiti kwenye mchanga, na unaliona kupitia mlangoni. Jingine lina vizibo vya soda, linapanga na kuhesabu. La nne ndilo linaandika daftarini, na siyo vibaya, kunakili kuna nafasi yake katika kuzoeza mkono. Dakika kumi au kumi na tano mnabadilishana. Kelele zitakuwepo. Kelele ya kazi na kelele ya fujo utazitofautisha baada ya siku chache.

Majina ya makundi hayadanganyi watoto. Ukiyaita Simba na Twiga, wiki ya pili wanajua Twiga ndilo la wasiojua. Dawa ni kuwahamisha: kila ukimaliza mzunguko wa kusikiliza, panga upya, na mtoto aone amehama kwa sababu alisoma neno ambalo zamani hakulijua.

MsimamiWaTatu
Mwalimu, nadharia nzuri. Lakini siku uongozi unapokuja unakagua nini? Andalio la somo, azimio la kazi, na idadi ya mazoezi kwenye daftari. Watoto wakiwa nje wanaandika mchangani, daftari lina kurasa nne tu, utaitwa ofisini ujieleze. Hilo la kaunta buku halipo kwenye orodha ya mtu.

MwalimuChaki
Ni kweli, siwezi kupinga. Nami naliona ni tatizo kubwa kuliko hata wingi wa watoto, kwa sababu wingi unaweza kuupanga, lakini mwalimu anayeogopa daftari tupu atajaza daftari. Ninachofanya: zoezi moja fupi kila siku liingie daftarini, lenye tarehe, lililosahihishwa, maneno matano tu. Kurasa zinakuwepo. Na mkaguzi akija ninamkabidhi kaunta buku kabla hajauliza, namwambia chagua jina lolote humu, nimwite akusomee. Wengi wanafurahi, maana nao walikuwa walimu. Upimaji wa darasa la pili nao unataka mtoto asome, hautazami daftari la mwaka jana.

PwaniKaskazini
Hamjambo walimu wa Bongo. Mimi nafunza Gredi ya Kwanza huku Kilifi, Kenya. Mradi wa Tusome, ule wa kufunza kusoma madarasa ya mwanzo, ulipoingia shule zetu mwaka 2015, kilichobadilika kwangu siyo mbinu tu. Kila mtoto alipata kitabu chake mkononi, na afisa akija na tableti yake alikuwa anaita watoto wachache wamsomee papo hapo. Basi mwalimu naye akaanza kusikiliza watoto, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinapimwa. Upande wa pili, mwongozo ulikuwa unakushika mkono kila hatua mpaka wengine walilalamika wamegeuzwa redio. Lakini kwa mwalimu mgeni ulimsaidia sana.

MzeeKiboko
Mnazunguka sana. Sisi tulisoma kwa kiboko, na silabi zote tulizijua. Mtoto wa Kitanzania bila fimbo hasomi. Haya ya vizibo na mchanga ni mambo ya wafadhili.

MwalimuChaki
MzeeKiboko, shikamoo. Heshima yako ipo, ila nitakupinga.

Kwanza sheria. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi, visizidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, na viandikwe kitabuni. Kushindwa kusoma "be" hakupo humo. Mwalimu wa darasa la kwanza anayetembea na fimbo kati ya madawati anajitafutia kesi mwenyewe.

Pili, kazi yenyewe. Ninaposikiliza mtoto mmoja mmoja nahitaji akosee mbele yangu, ndipo nijue pa kumshika. Anayeogopa hakosei, ananyamaza. Sasa nitamfundisha nini mtoto aliyenyamaza? Wale waliosoma kwa kiboko wakajua wapo, mzee, na wewe ni mmoja. Wengine wa darasa lako waliacha shule darasa la tatu, hawapo humu jukwaani kukujibu.

PwaniKaskazini
Huku kwetu viboko vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza. Bado wapo wanaochapa, sitadanganya.

MzeeKiboko
Marahaba. Kwenye hilo la waliokimbia shule, wapo kweli. Ila fujo ya watoto mia utaizima na nini?

MwalimuChaki
Mzee, fujo nyingi ya wadogo inatoka kwenye vitu vitatu: kazi imekuwa ndefu mno, kazi imewazidi, au njaa. Kipindi cha dakika 30 nakikata mara mbili au tatu, wasimame, wapige makofi, wakae. Yule mwenye mikono isiyotulia nampa kazi ya kugawa vizibo na kuvikusanya, na nahesabu naye vimerudi vyote. Anayegonga wenzake nampeleka kando dakika chache, karibu nami, kisha namrudisha. Ya njaa siwezi kuimaliza kwa mbinu. Shule yenye uji wa saa nne utaiona tofauti yake saa tano. Kama wazazi wa kijiji chenu hawajakubaliana kuchangia mahindi, hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao, kabla ya rangi ya sare.

MieWaUnguja
Assalaam alaykum. Na mie nichangie kidogo kutoka Visiwani. Watoto wetu wengi wanaingia skuli washaanza chuoni, yaani madrasa, alifu na bee za Kiarabu wanazijua. Ukimpa daftari anaanza kulia kwenda kushoto, khasa wiki za mwanzo. Kuna walimu wanadhani mtoto ana kasoro. Hana. Nawachorea nyota ndogo ukingo wa kushoto wa kila mstari, nawambia "anzia kwenye nyota", na chuoni aanzie kule anakoambiwa na maalim wake. Baada ya muda nyota naiondoa.

Jengine: watoto hawa ni hodari wa kuhifadhi. Kwa hiyo mtihani wa mwalimu wa kusoma kutoka mwisho kurudi mwanzo kwetu ndio unahitajika zaidi. Waliopitia vituo vya TuTu, vile vya vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, wanakuja wepesi wa kusikiliza maelekezo, nawashukuru sana walimu wao.

MwalimuChaki
Waalaykum salaam. Nyota naichukua. Itawafaa hata wa bara wanaoanzia katikati ya ukurasa.

AjiraMpya
Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanaume, nimeripoti juzi juzi, nipo vijijini Tabora. Mkuu kanipa darasa la kwanza. Wenzangu wanacheka eti nimeajiriwa kuwa yaya. Na watoto wananiogopa, mmoja akiniona analia.

MwalimuChaki
Marahaba kijana. Kuhusu wenzako: shule nyingi zinampa darasa la kwanza mwalimu mgeni, au anayekaribia kustaafu, au asiyeelewana na mkuu. Mwalimu hodari anapelekwa darasa la saba kwa sababu kuna mtihani wa taifa. Kisha hao hao wa darasa la saba wanalalamika watoto hawajui kusoma maswali. Wakicheka waulize huo msingi walitaka ujengwe na nani.

Anayelia: usimfuate. Watoto wanakutazama kutoka chini, na ukisimama karibu wanaona magoti na mkanda. Kaa kwenye benchi au chuchumaa unapoongea nao. Mwachie kazi ndogo ya mbali, kama kukuletea chaki. Atasogea mwenyewe.

Na jilinde pia. Mlango na madirisha wazi wakati wote, usibaki na mtoto mmoja darasani wengine wameondoka. Wasichana wakihitaji msaada wa chooni au kubadili nguo waende na mwalimu wa kike. Mwambie mkuu hayo mapema ili yawe utaratibu wa shule, yasionekane maneno yako binafsi.

KUHESABU

Mtoto anayejua kuimba moja mpaka mia bado hajajua kuhesabu. Mwambie "nipe vizibo saba". Wengi watakupa konzi nzima. Wengine wataimba mpaka saba huku kidole kimegusa vitano, kwa sababu mdomo unakimbia kuliko mkono. Kwa hiyo mwanzo ni kugusa kimoja, kusogeza kimoja, kutaja kimoja.

Kumi na moja, kumi na mbili ni rahisi kwetu, mtoto anasikia kumi na anasikia mbili. Lakini sasa mwambie aandike. Ataandika 102! Hajakosea kwa upuuzi, ameandika kumi kisha mbili kama ulivyosema. Kata kadi yenye 10, na kadi nyembamba yenye 2. Ilaze ile ya 2 juu ya sifuri. Aone kumi bado ipo chini yake. Kadi hizo mbili zimeniokolea maelezo mengi.

Kikwazo kinachofuata ni ishirini, thelathini, arobaini. Majina hayo hayamwambii mtoto kwamba ni makumi mawili, matatu, manne. Lazima ashike kwa mkono. Vijiti vya fito au mabua, kumi kumi, vifungwe kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mafungu mawili, ishirini. Mafungu mawili na vijiti vitatu, ishirini na tatu. Akihitaji kutoa, afungue fungu. Kukopa kwa darasa la pili kunaanzia hapo.

Tahadhari moja: maharage, mahindi na kunde usiwape wadogo kama vihesabio. Vinaingia puani na masikioni. Haragwe likipata unyevu linavimba na kulitoa ni hospitali. Vizibo vya soda ni vikubwa, vioshe, gonga kingo zilizochongoka kwa jiwe. Wembe wa kuchongea penseli nao uondoke mikononi mwao kabisa. Funga vichongeo viwili kwa kamba kwenye meza yako, wapange foleni.

AjiraMpya
Hilo la 102 limetokea leo leo! Nilitaka kugombeza. Asante sana mwalimu.

MamaWawili
Mimi ni mzazi, samahani kuingilia. Mwanangu ana miaka minne, yupo shule ya mtu binafsi hapa mjini. Kila siku anarudi na kazi ya nyumbani kurasa nne, anakili herufi zote kubwa na ndogo. Analia mpaka usiku, mwishowe namshikia mkono mimi. Ni sawa?

MwalimuChaki
Dada, si sawa, ingawa shule inafanya hivyo kwa sababu wazazi wengine wanataka kuona daftari limejaa, wanaona ndiyo ada yao. Awali rasmi inaanza na miaka mitano. Mkono wa miaka minne unahitaji kumenya karanga, kufinyanga udongo, kuchana karatasi, kufunga vifungo, kutunga shanga kubwa ukiwepo. Hiyo ndiyo maandalizi ya kushika penseli.

Zungumza na mwalimu wake, siyo na mkurugenzi kwanza. Mwambie kwa upole unaomba mstari mmoja badala ya kurasa nne, na wewe utamsomea au kumsimulia hadithi kila usiku. Walimu wengi watakubali, nao wanachoka kusahihisha. Na usimshikie mkono. Mwalimu akiona kazi safi ataongeza.

Nyumbani mchezeshe masikio: taja vitu vinavyoanza kwa "ma". Mezani kuna maji, maziwa, maembe. Ukiwa kwenye daladala mwonyeshe herufi ya jina lake kwenye mabango. Inatosha kabisa kwa umri huo.

BintiWaMalagarasi
Mwalimu, vile vishikwambi tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022 unavitumiaje kwa wadogo?

MwalimuChaki
Mimi nakitumia kurekodi sauti tu. Mtoto anasoma, namrudishia asikie, anajisahihisha mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. Wanapenda kupita kiasi. Ila siweki picha wala sauti za watoto kwenye makundi ya WhatsApp, hata ya walimu. Na chaji ikiisha, maisha yanaendelea na kadi za boksi.

NgomaYaZiwa
La mwisho kwangu. Nina wawili wanaandika kwa kushoto. Bibi wa mmoja kaja shuleni anataka nimfunge huo mkono.

MwalimuChaki
Usifunge. Mwambie bibi kwamba kula na kusalimia aendelee kumfundisha mkono wa kulia nyumbani kama mila inavyotaka, hapa tunaandika tu. Wengi wanakubali ukitenganisha hivyo. Kisha daftari lilaze, kona ya juu ya kushoto ndiyo iinuke, ili asikunje kifundo. Ashike penseli juu kidogo kuliko wenzake aone anachoandika. Na mkalishe mwisho wa benchi upande wa kushoto, viwiko visigongane na vya jirani.